Mkataba Uliosainiwa Bila Kupeana Mikono

Jamani, mkono mmoja tu nusura uniharibie kazi ya mwaka mzima!

Leo chuo chetu cha Busia kimesaini ushirikiano na chuo cha Tororo. Mkuu wao alikwama, akamtuma naibu.

Saini zikapita. Mpiga picha akasema, "Sasa peaneni mikono."

Naibu na profesa wetu aliyetia saini upande wetu wakaganda.

Profesa, mama wa watu, akaninong'oneza, "Huyu amemwoa binti yangu. Kazi ni kazi, lakini mkono siwezi."

Uwiii! Kwetu Wasamia mama mkwe hashikwi mkono, na mimi ndiye niliyewakalisha bega kwa bega!

Mama akaweka mkataba mezani, akarudi nyuma. Mkwe akasogea, akauchukua kwa mikono miwili, macho chini.

Ukumbi mzima ukasimama kwa heshima.

Wenye wakwe, mngefanyaje?

Katika kila mkataba ninaouandaa huwa naandika "kuheshimiana". Leo ndiyo nimeona maana yake.