Waya Katika Goti Langu

Ndugu wasomaji, mnisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa maneno niliyokosea. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Kusimama mbele ya watu siwezi, ndiyo maana ninaandika.

Kabla ya kuumia nilikuwa msichana wa mbio. Siku moja mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi, kilikuwa kinajenga matuta ya mawe shambani kwa jirani yetu Mama Nduku, hapa Kanyangi. Aliniona nimesimama akanitania, "Wewe kasichana, unangoja jiwe litembee lenyewe?" Watu wakacheka. Nikaona aibu, nikabeba jiwe lililonizidi, nikaangukia mwamba. Pia ya goti ikapasuka vipande viwili.

Hospitalini nilipasuliwa. Daktari alimweleza baba mambo mengi. Baba aliitikia tu, "Ndiyo, daktari."

Plasta ilipotolewa goti likavimba, likawa moto. Kidonda kikafunguka, kikatoa usaha wenye harufu mpaka nikaona aibu kulala karibu na dada yangu. Halafu asubuhi moja niliona kitu kinang'aa kimechomoza kwenye ngozi. Ncha ya waya.

Nyanya alipiga kelele. "Waya! Nani amemtia mtoto waya?"

Kwetu watu husema mchawi anaweza kukutupia misumari na nyaya mwilini, na mganga ndiye huzitoa. Nyanya akamkumbuka Mama Nduku na lile jiwe. Akamkataza kukanyaga boma letu. Baba akasema tungoje mganga.

Mimi sikujua nishike lipi. Mama Nduku alikuwa ameniletea maziwa. Je, yalikuwa na kitu? Niliomba Mungu, kisha nikayamwaga. Homa ikapanda, nikawa simtambui hata mama.

Mama Nduku akasikia. Akaja na mkokoteni wake wa punda, nyanya akamzuia mlangoni.

"Nyanya, nitukane tukiwa njiani," akasema. "Mtoto anakufa."

Mama yangu akanibeba, akanipakia. Baba akatufuata kwa miguu.

Daktari aliangalia ile ncha. "Waya huu ni wangu. Niliufunga mimi ili mfupa ushikane. Sikukuambia, mzee?"

Baba akatazama sakafu. "Uliniambia. Niliitikia tu. Sikuelewa."

Daktari alisema tungechelewa kidogo angeukata mguu. Waya ukatolewa, goti likaoshwa ndani, nikadungwa sindano mpaka matako yakafa ganzi.

Leo natembea. Goti halikunjiki lote, kwa hiyo kanisani wengine wakipiga magoti mimi husimama. Namshukuru Mungu, daktari, na punda yule. Wewe ukipasuliwa, uliza: umeacha nini ndani yangu? Usiitikie tu.

Lakini jambo moja linanisumbua. Mama Nduku akinikuta njiani huniuliza, "Mguu haujambo?" Nami hujibu, "Haujambo," nikitazama chini. Hajui kwamba maziwa yake niliyamwaga. Au anajua. Wewe msomaji uliyewahi kumshuku mtu asiye na kosa, ulianza na neno gani kumwomba msamaha? Tafadhali niandikie. Nitajibu, ingawa nitachelewa.