Asubuhi Mshale Uliposhuka

Nilipohamishiwa Newala kufundisha jiografia, nilikuta baromita ya zamani, chombo cha mshale cha kupimia mgandamizo wa hewa, imetundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya walimu. Ilikuwa na vumbi na hakuna aliyeisoma. Nikaanza kuisoma mimi, kila nilipotoka darasani, na kuandika kwenye daftari.

Mimi ni mzaliwa wa Masasi, chini ya mlima huu wa Newala. Nilijua kutoka vitabuni kwamba ukipanda juu, hewa inayokulemea inapungua, na mshale lazima usome chini kuliko kwetu. Nilichokuwa sijui ni kwamba hewa ina mazoea. Kila siku mgandamizo ulipanda mpaka saa nne asubuhi, ukashuka mpaka saa kumi alasiri, kisha ukaanza kupanda tena. Masika au kiangazi, mwendo ulikuwa uleule. Siku ambazo ukungu ulijaa Shimo la Mungu, lile korongo kubwa ukingoni mwa mji, na mabonde yote ya pembeni, sisi wa juu tulibaki kama watu wa kisiwani, na mshale bado ulipanda kwa wakati wake.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mjane. Alikuwa na mikorosho njia ya Chilangala na shamba la mpunga chini kabisa, bonde la Ruvuma. Jioni nilipomwamkia aliniitikia, "Marahaba, Mwalimu. Chombo chako kimesemaje leo?" Ni yeye peke yake aliyeuliza. Walimu wenzangu waliniita Mwalimu Kimbunga, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliona mshale umeshuka kidogo, nikamkimbilia mkuu wa shule, wanafunzi wakarudishwa nyumbani mapema, na jua likawaka mpaka magharibi. Walinicheka muhula mzima. Niliumia kuliko nilivyoonyesha.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, asubuhi moja, mshale haukupanda. Saa tatu ulikuwa umeshuka. Saa nne, wakati ambao ulipaswa kuwa juu kabisa, ulikuwa chini zaidi, chini kuliko alasiri yoyote niliyowahi kuandika. Nilijua maana yake. Joto la jua hushusha mshale alasiri, si saa nne. Kinachoweza kuishusha hivyo ni dhoruba kubwa inayosogea, na kwetu hutokea baharini, upande wa Msumbiji. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu. Akagonga kioo kwa kidole.

"Limezeeka hilo," akasema. "Au unataka kutupumzisha tena?"

Wengine wakacheka. Nikafunga daftari.

Muda si mrefu mama mwenye nyumba akapita shuleni kuniachia ufunguo. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, amebeba kikapu cha chakula. Mpunga umeiva, alisema, ndege wanaumaliza, anashuka kulala huko siku mbili.

"Chombo kimesemaje?"

Wenzangu walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza.

"Salama, Mama," nikasema.

Upepo ulianza baada ya saa nane. Ilipofika jioni mabati ya darasa moja yalikuwa yamekwenda, na mvua ilipiga kwa ubavu mpaka kesho yake mchana. Hakuna aliyeweza kuteremka. Siku ya tatu wanaume walimkuta chini ya dungu, ule ulingo wa kulindia ndege, ambao ulimwangukia na kumvunja nyonga. Alikuwa amelala kwenye maji muda wote huo. Walimpandisha mlimani juu ya kitanda cha kamba, wakipokezana, na gari likatupeleka hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Njiani masikio yangu yaliziba, kama yanavyoziba kila tunaposhuka kwenda Masasi. Alinishika mkono akasema masikio yake yanavuma, akauliza ni nini. Nikamwambia ni hewa.

Alikaa wodini siku tisa. Homa ilikuwa imemwingia kifuani. Siku ya sita, nikimlisha uji, akanitazama.

"Mwalimu, ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Akausogeza pembeni mkono wangu wenye kijiko.

"Hata ungeniambia ningekwenda," akasema. "Mpunga ulikuwa umeiva."

Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Kila mara alipoulizia chombo nikamjibu mvua inakuja, alianua mihogo yake na kukaa nyumbani. Hilo nililiona kwa macho yangu, mara nyingi.

Siku ya tisa alifariki, na binti yake alifika kutoka Dar es Salaam siku ya mazishi. Baada ya watu kutawanyika tulikaa mkekani, sisi wawili, akaniuliza mama yake alikuwaje asubuhi ile ya mwisho. Nikamwambia alikuwa mchangamfu, amejifunga kanga yake, ana haraka ya kwenda shambani.

"Na hakuna aliyejua kama dhoruba inakuja?"

"Ilikuja ghafla," nikasema.

Akanishukuru kwa kumuuguza mama yake. Alilia, akaniegemea begani, nami nikamwacha.