Koleo Langu na Kitovu cha Mjukuu

Heri ningekataa tu. Mke wangu aliposema, "Chukua koleo utoe hicho chuma kabla ya Sabato," ningesema hapana, niite bodaboda, mtoto apelekwe hospitali. Badala yake niliuliza koleo liko wapi.

Mjukuu wetu anasoma chuo mjini Kisii. Alikuja likizo na pete ndogo inayong'aa kitovuni. Baba yake hakujua, wala hangeambiwa. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayomkataza baba hata kutaja mwili wa binti yake. Lakini babu, sokoro kwa lugha yetu, ni wa utani, kwa hiyo siri ililetwa kwangu, pamoja na matusi.

"Sokoro, usizimie. Ni pete tu."

"Fahali wangu pia alikuwa nayo. Yake ilikuwa puani."

"Na bado alikuwa mrembo kuliko wewe."

Tulicheka. Kisha akaingia nasi shambani kuchuma chai, amejifunga karatasi ya nailoni kiunoni kwa kamba, kama wachumaji wote. Kamba ilisugua kidonda kibichi, umande na jasho vikaingia. Kabla ya wiki kuisha kitovu kilikuwa kimevimba na kutoa usaha.

"Aliyenitoboa alisema nisiitoe," alituambia. "Nioshe kwa maji ya chumvi, nisiishikeshike, na ikiharibika nione daktari. Kupona ni miezi mingi."

"Miezi mingi!" nikasema. "Mahindi yatakuwa yameiva na kuliwa!"

Nilisoma baiolojia hadi kidato cha nne, na niliwahi kumvisha fahali pete. Kwa sifa hizo mbili nilijiona daktari wa upasuaji. Ukweli ni kwamba usaha haukunitisha. Kilichonitisha ni foleni ya hospitali, ambako sikosi kukutana na washiriki wa kanisa letu. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimehubiri dhidi ya mapambo kwa bidii hivi kwamba akina mama huvua hereni langoni na kuzivaa tena wakitoka.

Nikafuta koleo la kukazia waya za ua kwa shati langu, nikavuta. Alipiga yowe. Mke wangu akapaka majivu. Siku ya Sabato nilikaa mbele kanisani, nimenyooka kama mtu asiye na doa.

Ngozi ilijifunga upesi, nami nikajisifu. Chini yake usaha ulikuwa umefungiwa. Siku chache baadaye alikuwa na homa kali, hawezi kunyoosha mgongo. Baba yake ndiye aliyembeba mikononi hadi kwenye gari, na chinsoni ikabaki nyumbani.

"Nani aliitoa pete?" daktari aliuliza. "Usaha ulikuwa ukipitia pale. Mlipoitoa, mliuzibia njia."

"Ni mimi."

"Kwa nini, mzee?"

"Kulikuwa na kanisa," nikajibu. Hata kwangu mwenyewe lilisikika jibu la mjinga.

Walimpasua, wakakamua, wakampa dawa. Alipona, akabaki na kovu lililokunjamana kama mdomo wa gunia. Foleni nzima ilijua kabla hatujafika nyumbani, na Sabato iliyofuata hereni ziliingia kanisani bila kuvuliwa.

Hilo ningelivumilia. Lakini siku hizi mjukuu wangu akija hunisalimia kama anavyomsalimia baba yake, macho chini, kwa adabu, kisha anapita jikoni. Hanilinganishi tena na fahali. Hanitukani. Nilitaka kulinda jina langu kanisani, na kwa hilo nimempoteza mtu pekee aliyekuwa akiniambia siri zake.