Uji Uliokataliwa

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu alipoacha kunywa uji, na kosa lilikuwa langu. Alishikwa na malaria. Nikafanya kama mama yetu alivyofanya kabla hajafa: nilisaga vidonge vichungu, nikavikoroga ndani ya uji wa wimbi. Alitapika mpaka akalegea. Homa ilipoisha, kila nikimletea uji aligeuza uso, hata ule usio na dawa. Na kwetu hapakuwa na kingine cha asubuhi.

Shangazi alikuja kutoka Molo, akampapasa mbavu.

"Huyu utamzika. Jumapili ijayo nikimkuta hivi, naenda naye."

"Shangazi, sisi hatuachani."

"Wewe ni mtoto unalea watoto. Tutaona."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikaajiriwa kuosha vizimba vya panya katika maabara moja huko Njoro. Mtafiti, Muhindi wa Nakuru mjini, aliwapa panya maji matamu, kisha akawadunga sindano ya kuwachafua tumbo. Kesho yake hawakuyagusa tena maji hayo. Baadaye alipima bongo zao. Alinieleza kwamba anatafuta kimeng'enya, kemikali ya ubongoni, kinachochangamka panya anapojifunza kuwa ladha fulani inamdhuru.

Jumatatu nikamwambia, "Mzee, mtoto wetu amekuwa kama hawa."

Akacheka. "Kwani umemdunga?"

"Nilimtilia dawa kwenye uji, akatapika."

Hakucheka tena. "Basi si ukaidi. Ubongo wake unafikiri unamlinda."

"Atasahau?"

"Panya wengine hurudi, wakionja kidogo kidogo bila kuumwa. Ladha mpya huwa rahisi zaidi. Lakini mimi ni daktari wa panya tu."

Jioni hiyo niliuloweka unga ili uchachuke. Jumatano nikapika uji mkali, wenye harufu nyingine kabisa. Jirani alichungulia mlangoni.

"Mfinye pua ameze! Unambembeleza kama mtoto wa kizungu."

"Hapana, mama. Nikimlazimisha, atauchukia na huu."

Nilikunywa mimi kwanza, kisha nikachovya kidole, nikamwachia akilambe. Akatema. Alhamisi alilamba, hakutema. Ijumaa alikunywa vijiko viwili, nikaliondoa bakuli kabla hajachoka nalo, ingawa moyo ulitaka kumwongezea.

Jumapili shangazi alifika na kikapu cha kubebea nguo za mtoto. Nikaweka uji mbele ya mtoto. Aliunusa kwa muda mrefu. Kisha akashika bakuli kwa mikono miwili, akanywa mpaka nusu.

"Nusu bakuli si chakula," shangazi akasema.

"Jumatano ilikuwa kidole, shangazi."

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Akachukua kikapu kikiwa kitupu.

"Nitarudi mwisho wa mwezi."

"Karibu," nikasema. "Utatukuta wote."