Uso wa Nyanya kwenye Amerikani

Moshi wa vichaka vibichi ni mchungu kuliko wa kuni, na msimu ule ulilalia pwani yote ya ziwa huko Rumonge, kuanzia upande wa Kigwena, ukaingia hata kwenye ndagala, dagaa wetu, zilizoanikwa mchangani. Wadachi, Wajerumani waliotutawala, walisema mbung'o wanaoleta malale, ugonjwa wa usingizi, wanaishi vichakani, basi vichaka vikatwe, vichomwe. Hatukubisha, mwenye nguvu mpishe, na Mdachi hakuwa mtu wa kupunguza bei. Tulichoogopa si moshi, bali vidole vya daktari wao, aliyepita nyumba kwa nyumba akipapasa shingo za watu. Aliyekutwa na vinundu, askari walimpakia mtumbwini wakampeleka kambi ya wagonjwa. Nilihesabu walioondoka na waliorudi, nikahesabu tena. Hesabu ikakataa kubadilika.

Siku daktari alipompapasa Nyanya, mama mzaa mama yangu, vidole vilisimama. Askari akasema mtumbwi utakuja asubuhi.

Nyanya alikuwa ameanza kusinzia katikati ya maneno, lakini ulimi wake ulikuwa macho. Walipoondoka alifungua kasha, akatoa kitambaa cha amerikani alichojiwekea kiwe sanda yake, kama wazee wetu wafanyavyo, akachana kipande. "Nimekonda, imebaki ya ziada," alisema. "Leta kalamu yako ya tete na wino wa masizi, mujukuu wangu. Unichore."

Nilivileta, ila sikuchovya kalamu. Zamani nilikuwa msichana wa kuchora kila kitu, mpaka mwalimu wa chuo aliponikuta na jogoo kwenye ubao wa Kurani. Alinichapa, akasema mchora kiumbe ataamriwa Siku ya Kiyama akipulizie roho, naye hataweza. Mkono ukiponyoka, alisema, kata shingo kwa mstari, kisiwe kiumbe tena. Tangu hapo nilichora mapambo ya mikeka tu, pembe juu ya pembe, mkono ukawa kama mbuzi wa kamba fupi.

"Naogopa, Nyanya."

"Hata mimi naogopa. Basi tuko sawa, chora. Mama yako atanisahau uso. Yeye hata chumvi anaisahau."

Akakaa mlangoni penye mwanga wa jioni. Nikachovya, nikaanza. Jicho likatoka kama pambo la mkeka. Akacheka. "Hii iko nini, kuku? Niangalie mimi, acha kuangalia hofu yako." Nikamwangalia. Kope moja ilishuka kuliko ya pili. Ndewe zilikuwa zimevutwa na hereni alizokwisha kuuza. Mkono ukaanza kukimbia wenyewe.

"Pua punguza kidogo."

"Haipungui, Nyanya. Hiyo ndiyo bei yake."

"Wee mutoto! Umekuwa muchuuzi wa soko ya Magara?"

Lakini kila kichwa chake kilipoinama kwa usingizi, kalamu ilisimama; kilipoinuka, niliharakisha. Nilifika shingoni nikachora hata vinundu. Alitazama kitambaa kwa muda mrefu. "Sasa kata," akasema taratibu, "mwalimu asikuue." Nilishusha kalamu hadi kwenye koo. Yule wa kwenye amerikani alikuwa kama anataka kusema jambo la kejeli.

"Sikati," nikasema. Niliweka kalamu chini, na sikuwahi kuwa huru kiasi kile.

Asubuhi alipanda mtumbwi, akawafukuza askari waliotaka kumshika mkono. Hakurudi. Kitambaa nilikishona ndani ya mto, na kwa miaka mingi nililala juu yake nikiogopa kugunduliwa.

Leo watu waliohamishwa kwa sababu ya malale wamerudi pwani, michikichi imeota palipochomwa, na watoto huchora kuku na Wazungu kwenye kuta za nyumba mchana kweupe. Wakikaripiwa, hucheka. Nawaonea wivu, sitaficha. Ila nimewachunguza, tena mara mbili: wanachora bila kumtazama wanayemchora, kana kwamba kesho atakuwepo tu. Mimi sijaweza kuchora hivyo.