Barua Isiyoomba

Wifi yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtaa mzima unamwita Cheche. Miaka saba amefanya kazi kwenye kiwanja cha kukodi, na mkataba wake una kifungu kimoja kitamu: kabla ya mwaka wa saba kwisha, ana haki ya kukinunua kwa bei iliyoandikwa mle, mradi ampe mwenye kiwanja taarifa ya maandishi. Basi lami ikapita mbele ya karakana, bei za viwanja zikapanda, na mwenyewe, mwalimu mkuu mstaafu, akaanza kuleta wageni wanaopima kwa hatua.

Barua niliichapa mimi. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, na barua zangu zinasifika kwa adabu. Niliandika, "Naomba kwa heshima na taadhima uniuzie kiwanja, iwapo itakupendeza." Jibu lilikuja baada ya siku tatu: "Ombi lako limepokelewa. Nasikitika kukujulisha kuwa halikukubaliwa."

Zilibaki siku mbili tu mwaka wa saba uishe. Cheche alinijia na miwani ya kazi bado kichwani, akaliweka jibu lile mezani.

"Wifi, nani alikwambia naomba?"

"Si adabu tu, wifi yangu."

"Mkataba haukumpa nafasi ya kukataa. Umempa wewe."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Adabu yangu ilikuwa karibu kumponza mtu na karakana yake. Nikachapa upya, yeye akinitajia neno kwa neno: "Nanunua kiwanja kwa bei na masharti ya mkataba wetu." Nilitaka walau kuongeza "wako mtiifu" pale chini. Akasema nikithubutu atauchomelea mlango wa kibanda nikiwa ndani.

Tulikwenda pamoja. Mwalimu aliisoma barua akiishika mbali, kama daftari la mtoro.

"Binti yangu, barua haina hata salamu."

"Shikamoo nimekupa mlangoni, mwalimu. Saini hapa kwamba umepokea, na uweke tarehe."

"Hebu tuongee kiutu uzima. Nikuongezee miaka mitatu ya kupanga, kodi ileile."

Nakiri, mimi ningekubali na kushukuru juu. Cheche alimsogezea kalamu tu.

"Ungekuwa na adabu ungeomba," mwalimu alisema.

"Niliomba juzi, ukaninyima. Leo sikuombi."

Mke wa mwalimu akatoka jikoni akifuta mikono, akaisoma barua juu ya bega la mumewe, taratibu, mpaka mwisho.

"Mtilie saini mwenzio," akasema. "Mkataba uliuandika mwenyewe, na ukatusomea wote hapa ukijisifu kwamba hauna kosa hata moja."