Bwana Waya na Dishi la Ng'ambo ya Bonde

Inasemwa kwamba marehemu mume wangu alimtupa dada yake mgonjwa, akakaa juu ya bati akichezea mitambo. Wanaosema hivyo walikuja msibani kwetu, wakala, wakanawa mikono, wakasahau midomo. Nitaeleza mara moja tu.

Alikuwa fundi wa simu za nguzo tangu ujana hadi kustaafu, ndiyo maana wakamwita Bwana Waya. Mama yake alifariki yeye hajaota meno. Aliyembeba mgongoni ni Dada Mkubwa, naye akiwa bado mtoto. Dada huyo aliolewa ng'ambo ya bonde. Kiangazi unashuka, unapanda, umefika. Masika bonde hujaa maji, hakuna apitaye, na kule kwao simu hazishiki kabisa. Basi Dada Mkubwa alipopata kiharusi, mume wangu alikuwa na neno moja mdomoni: mvua zikija, nitamwonaje?

Kwetu kilimani mtandao ulikuwepo. Akanunua madishi mawili, moja la paa letu na moja la paa la dada yake, ili yarushiane mtandao hewani. Aliniambia yanataka kutazamana. Yakikosana macho tu, yananuniana. Shemeji yake, mume wa Dada Mkubwa, akapanda paani kule na kioo cha kunyolea, akawa anamulika jua. Wa kwetu akalenga ule mmeremeto, akigeuza dishi kidogo kidogo na kukaza skrubu. Wapita njia wakamwuliza kama anaanika sufuria. Akawajibu kwamba anapika maneno, wangoje yaive.

Yakaiva. Dada Mkubwa akatokea kwenye skrini, mdomo umepinda upande, lakini ulimi ni ule ule.

"We mtoto, pua imekuwa kubwa hivyo lini?"

"Ni kamera, Dada."

"Kamera haiongezi kisichokuwepo."

Walizungumza kila jioni hadi mvua zilipoanza. Kwanza picha ikawa inaganda, kisha sauti ikakatika, mwishowe pakawa kimya. Alilipangusa dishi, akabadilisha viungo, akalenga upya. Wapi. Siku moja aligeuka akatazama mteremko, akaketi palepale barazani. Chini ya nyumba yetu kuna shamba la mitiki. Alipolenga kiangazi, ilikuwa imepukutika, fito tupu, na dishi lilipenya katikati yake bila shida. Sasa ilikuwa imevaa majani mapana, yamelowa chepechepe. Maisha yake yote alikuwa mtu wa waya, na waya haujali jani.

Aliunganisha mabomba ili aliinue dishi, upepo ukayakunja. Ikabaki kwenda kwa mwenye shamba, ambaye ni mdogo wake wa baba mmoja. Tulikwenda wote.

"Sitaki yote," akamwambia. "Kichochoro tu, dishi lione."

"Kaka, hiyo ni ada ya wanangu, na haijakomaa. Ngoja kiangazi, itapukutika yenyewe."

"Dada hatakifikia kiangazi."

"Dada yuko mikononi mwa Mungu, kaka. Miti iko mikononi mwangu."

Panga tulikuwa nalo, na shamba halikuwa na mlinzi. Hakugusa hata tawi. Alijaribu kuvuka bonde, maji yakamfika kifuani, akarudi akitetemeka. Baada ya hapo alipanda paani kila kulipokucha, mvua ikimnyeshea, akizungusha dishi kutafuta upenyo. Huo ndio mliouita mchezo.

Dada Mkubwa alifariki masika yale yale. Habari ilitufikia maji yalipopungua, kaburi limeshaota nyasi. Shemeji yake alitueleza kwamba mgonjwa alitaka ile skrini iwekwe mbele yake kila jioni, nyeusi hivyo hivyo, akawa anaigombeza kwamba mtoto huyu anachelewa.

Mume wangu alilishusha dishi siku aliyosikia hayo, asipande paani tena. Alianza kudhoofika, chakula akikisukuma pembeni, na masika mengine hayakumkuta.

Kabla hajafariki mdogo wake alikuja kumwona. Mlango niliufunga mimi, nikabaki ndani, nikasikia kila walichoambiana. Sitakisema, si kwa jamaa, si kwa jirani. Asiniulize mtu.